Cherehani Kwenye Dirisha la Mbele

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi mdogo wako. Je, u mzima? Kile kikohozi kimekuacha? Na shemeji, bado anarudi kutoka kazini na rangi za kuta nywelini? Sisi hatujambo, isipokuwa kichwa changu, ambacho kimevurugika kabisa. Nakuandikia kupitia kwa shangazi kwa sababu ndiye pekee anayejua unakoishi, na kila nikimwuliza ananijibu kwamba Kidomo hapewi siri.

Unajua Baba ndiye anayetufundisha shule ya Jumapili. Sasa tuko kwenye mifano ya Yesu. Kwanza alitufundisha kondoo aliyepotea, jinsi mchungaji alivyowaacha tisini na tisa akaenda kumtafuta mmoja. Jumapili iliyofuata akaja na mwana mpotevu, ambaye baba yake hakwenda popote, alibaki nyumbani mpaka mwana akarudi mwenyewe. Nikanyoosha mkono nikauliza, mtu wetu akipotea, tumfuate au tumngoje? Sikuwa na hila, Dada, nilitaka tu kujua. Baba alifungua Biblia, akaifunga, akasema kipindi kimekwisha. Hata sala ya kufunga hatukusali. Wenzangu walifurahi, wakaniomba niulize hivyo kila wiki.

Nyumbani Mama alinionya nisitoneshe kidonda. Tangu ulipoolewa bila baraka za Baba, jina lako halitajwi tukiwa mezani. Lakini hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Mbona Baba amehamisha cherehani yake? Unakumbuka ilikaa kwenye dirisha la uani, penye mwanga mzuri. Sasa ameikokota hadi dirisha la mbele, ambako kuna kivuli kutwa. Mama alimwambia ataharibu macho, naye akajibu kwamba uani kuna joto. Joto gani, na mvua hizi? Juzi muuguzi alirudisha gauni lake lenye mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, akauliza kama Baba alimpima yeye au jirani yake. Fundi kama Baba! Mama alicheka mpaka akakaa chini, kisha akageuka kulitazama lile dirisha.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Jana niliketi kwenye kiti cha Baba nikitafuta kifungo kilichoanguka. Nilipoinua macho niliiona barabara yote, mpaka ile kona ya kituo cha basi ulikopotelea na sanduku lako. Nikaukumbuka ule mfano, kwamba yule baba alimwona mwanawe angali mbali. Angemwonaje, kama hakuwa akitazama?

Bado sijui jibu, Dada, wala sijui wewe ni kondoo au ni mwana. Kama ni kondoo, nielekeze unakoishi, nitamleta Baba hata kwa kumvuta shati. Kama ni mwana, njoo. Ila usipite uchochoro wa nyuma kama ulivyozoea. Pita barabara ya mbele, tena polepole.

Msalimie sana shemeji. Mama naye angekusalimu, kama angejua naandika.

Mdogo wako akupendaye,
Kidomo