Jiwe la Kusagia la Mama

Mjukuu wangu Kabula, mwangaluka. Huku Ngulyati tu wazima. Pamba tumemaliza kuvuna, na ng'ombe wa baba yako amezaa ndama jike.

Unauliza ufanye nini mhadhiri akikosea mbele ya wenzako katika ziara zenu za miamba. Mimi nilinyamaza.

Nilikuwa sekondari, mwaka wa tatu tangu tuhamishiwe kijiji cha ujamaa. Mtaalamu kutoka mjini alitutembeza kwenye majabali, akatuonyesha mfupa uliogeuka jiwe, nami nikafurahi kweli. Mbele kidogo, kwenye nyasi ndefu, tukakuta mafiga matatu na jiwe la kusagia lililomeguka pembeni. Akasema, "Hapa waliishi watu wa kale." Wenzangu wakaandika.

Palikuwa kwetu. Pembe ile niliimegua mimi nikiwa mdogo, mama akanichapa. Siku ya kuhamishwa aliwasihi wampakilie jiwe lake, wakamwambia lori halina nafasi. Tangu hapo alikuwa akiazima la jirani, na jirani mwenyewe alikuwa na maneno.

Niliona aibu kusema kwamba hao watu wa kale ni sisi. Nikaandika kama wengine, kisha nikashika upande mmoja wa jiwe tukalibeba hadi kwenye gari barabarani.

Nilipofika nyumbani mama aliniuliza tumeona nini. Nikamjibu, mawe tu. Alikufa bila kujua kwamba gari la mtaalamu lilikuwa na nafasi.

Bibi yako