Samaki Niliyemwacha Mezani

Kwako Baba Komora, mume wangu,

Mmeamkaje huko? Mto umerudi mahali pake au bado unalala shambani kwetu? Mimi mwili hauna neno, goti sasa linakunjika, namshukuru Mungu. Moyo ndio hauko sawa. Ndiyo maana sikukupigia simu. Simu yako hulia ukiwa dukani, unaweka sauti kubwa, na Garsen nzima inasikia. Hili si la Garsen nzima. Nampa barua binti wa fundi cherehani, anarudi huko kesho. Isome peke yako. Mwandiko wangu unaujua, ni wa darasa la nne, vumilia.

Ni habari ya Rehema, mtoto wetu.

Nilipofika hapa Nairobi kutibiwa nilimkuta ana rafiki, kijana anaitwa Kamau. Akaniambia, "Mama, huyu ni mwenzangu wa baiskeli." Nami nikaamini hivyo hivyo. Hapa baiskeli si ya kubebea ndizi. Watu wazima wenye kazi zao wanaamka Jumapili, wanavaa kofia ngumu kama mafundi wa stima, wanaendesha mpaka msituni na kurudi, wala hawabebi kitu. Wanasema ni raha. Nikauliza, na kanisa? Rehema akasema wanaenda ibada ya jioni.

Mara daktari wa goti akaniambia na mimi nikanyage baiskeli. Nikadhani ananitania. Kamau aliposikia akanikodishia moja huko msituni. Nikafunga leso mbili. Yeye ameshika kiti kwa nyuma, anakimbia, anapiga kelele, "Kanyaga, mum! Usiangalie chini!" Nilicheka mpaka machozi, mimi mwanamke mwenye wajukuu. Usimwambie mchungaji. Tulipochoka tukanunua mahindi ya kuchoma, hindi moja tukaligawana mimi na yeye, huku nusu na huku nusu. Basi kila wikendi ikawa hivyo, leo tunakula chapati hapa, kesho nyama pale. Sikufichi, nilifurahi. Na nikifurahi nawakumbuka nyinyi, maji yako mlangoni na mboga ni ile ile, moyo unanichoma.

Sasa sikiliza. Ijumaa ya wiki iliyopita wakanipeleka kula jioni kwenye hoteli yenye bendi. Kamau alikuwa amenisikia nikisema siku nyingi sijala samaki, akaniagizia samaki mzima wa kukaanga. Tukawa tunangoja. Kijana akaweka mikono magotini, akasema, "Mum, Disemba nataka kuleta wazee wangu Garsen. Nataka kumuoa Rehema."

Na samaki akafika.

Wewe unajua. Nitafunguaje mdomo mbele ya mkwe? Marehemu mama alikaa miaka miwili hajala mbele yako, mpaka ulipomletea leso na mbuzi wa kumfungua kinywa. Nikajitanda leso mpaka puani, nikageukia ukuta. Mate yananijaa, njaa inanikata, na harufu ya ndimu inapanda.

"Mum, samaki ana shida? Tubadilishe?"

Nikaivuta leso zaidi.

"Mathe, ongea basi. Nimekosa wapi?"

Hata kumjibu siwezi. Mambo ya chakula na mkwe hayasemwi ana kwa ana, hupitia kwa shangazi, na Nairobi nimtoe wapi dada yako? Mhudumu akaja, "Mama, nikufungie uende naye?" Nikatikisa kichwa. Rehema ananikanyaga chini ya meza, tena mguu ule ule mbovu.

Walikuwa wamepanga twende mahali pa muziki. Tukaenda. Watu wanaruka, taa zinazunguka, na sisi watatu tumekaa kama tuliofiwa. Kamau akatufikisha nyumbani, hakuingia.

Rehema hata viatu hakuvua. "Umeniaibisha, mama! Kama humtaki ungemkataa kwa mdomo, si kwa sahani. Alipokuwa rafiki ulikula vyake vyote. Aliposema anioe, ukamfunikia uso!"

Nikamwambia, "Mwanangu, asingekuwa mkwe ningekula samaki wake mpaka miiba. Nimeacha kula kwa kuwa nimemkubali."

Akanitazama kama naongea Kiorma cha majirani zetu. Atajuaje? Tulimpeleka bweni angali mdogo, na ndiye binti wa kwanza kuposwa kwetu. Kosa ni letu, hasa langu. Akakaa sakafuni akalia, tena akacheka, tena akalia. Akapiga simu, kijana hashiki. Kesho yake hashiki. Jumapili baiskeli haikutoka. Kufika Jumatano mtoto hali, hasemi, nami nikasema, nimekuja kutibiwa goti nikavunja nyumba ya mwanangu kabla haijajengwa.

Na hofu yangu nyingine ni wewe. Nimemkubali kijana kabla baba mtu hujaulizwa. Sikukudharau. Mdomo ulijifunga wenyewe, sikuuamuru.

Alhamisi Rehema akamfuata kazini kwake, akamweleza. Jana jioni kijana akaja. Akasimama karibu na mlango, anaangalia chini.

"Mum, nimeambiwa. Mimi nimezaliwa hapa hapa, hayo sikulelewa nayo. Nilidhani umenikataa."

Nikajitanda, nikatikisa kichwa kwamba sivyo. Hakuuliza zaidi. Rehema kwa mazoea akapakua sahani tatu, wali na kuku. Kamau akachukua yake, akafungua mlango akatoka. Jirani anayepita koridoni nikamsikia akimcheka, "Brathe, umefukuzwa?" Naye anajibu na chakula mdomoni, "Zii, nampisha mama mkwe ale."

Baba Komora, nilikula. Nilikula mpaka nikaona haya.

Kabila lake si letu, najua dada yako atasema. Hana ng'ombe wala shamba la mpunga. Lakini alikula amesimama, kwenye baridi hii, kwa mila isiyokuwa yake. Wewe ndiye baba, mimi sikuamulii. Wazee wake wanangoja neno lako kabla ya kufunga safari. Likiwa zuri, mwambie Komora anitumie ujumbe wa maneno mawili tu, "Waje Disemba," nitaelewa.

Nisalimie mamako, mwambie dawa yake ya kifua nimenunua. Msalimie shangazi wa watoto, mpoze polepole. Jirani anayetuletea maziwa umwambie sijamsahau. Kitinda mimba wetu asiende mtoni peke yake, viboko wanapanda jioni.

Na ukiona ni vigumu kukubali, basi panda gari uje umkatae mwenyewe. Mimi uso wa kumwambia sina.

Ni mimi mkeo,
Mama Komora