Hodi Kwenye Chemichemi ya Chura

Mama yangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa na matope kwenye viatu na furaha isiyoenea kifuani. Tumeshinda, mama.

Unakumbuka tulivyozunguka Lugari nzima, wewe mbele na leso yako kichwani, mimi nyuma nikilalamika njaa? Kila uliyekutana naye ulimuuliza habari za babu yako Chula, aliyekuwa kibarua hapa enzi mashamba haya yalipokuwa ya wazungu, kabla mwajiri wake hajamfukuza. Hakuna aliyemjua. Jirani yetu Mzee Wafula alikuambia, "Nyinyi si mlikuja juzi tu? Mnatafutanga nini?" Ulimcheka, lakini tulipofika nyumbani ulisonga obusuma, ugali wetu, huku ukifuta macho kwa leso. Iliniuma sana.

Na maji tulichota palepale Chemichemi ya Chura. Vyura walijaa pale, nani angeuliza jina lilitoka wapi?

Mwezi uliopita nilimkuta Mama Rispa, ajuza wa ng'ambo ya mto, akichota maji. Kabla ya kuinamisha mtungi alisema, "Hodi." Nikamtania: tangu lini chura akapigiwa hodi?

"Si chura mnyama," akasema. "Ni Chura, mtu. Alichimba hii maji, akajenga hapo juu. Nyanya alituambianga, ukichota piga hodi, ni kwake."

Mama! Unajua sisi huku tunavyochanganya l na r. Nikamuuliza huyo mtu alitoka wapi.

"Bukura. Alikuwa anachechemeanga."

Ndivyo ulivyoniambia wewe, neno kwa neno. Nililia pale pale na mtungi mkononi.

Leo Jumamosi tumesimamisha kibao: CHEMICHEMI YA CHULA. Hiyo L nimeipaka rangi mwenyewe, kubwa kuliko herufi zote. Mzee Wafula alipokisoma kwa sauti bado alisema Chura, watu wakavunjika mbavu, na yeye pia. Kisha akainama na kikombe chake ili anywe. Nikamgusa bega, nikamwambia apige hodi kwanza.

Akavua kofia. "Hodi hapa."

Nikaitikia kwa niaba yako, kwa sauti ile uliyokuwa ukiniitia kutoka shambani: "Karibu, mzee. Hapa ni kwetu."

Pumzika kwa amani sasa, mama. Hakuna atakayekuuliza tena ulikuja lini.

Ni mimi,
kitinda mimba wako