Jiwe la Magoti, Sokoni Kikula

Shikamoo Dada Mwajuma,

Huku Likasi asubuhi ni baridi, vumbi jekundu limefika hadi kwenye meno, na maumivu ya magoti yangu yamekataa likizo. Si unajua, tangu hedhi ianze kuja inapojisikia, kila kiungo kina malalamiko yake.

Jana sokoni Kikula mama mmoja wa rika letu, muuza mawe ya dawa, aliniona nachechemea. Akanikalisha kwenye kigoda, akafungua kitambaa chenye jiwe jeusi. "Mama, ufunge hii ku magoti. Iko na moto ndani, inatoka Shinkolobwe!" Yaani ule mgodi uliofungwa wa urani, madini yenye mionzi ya hatari, naye anautaja kama cheti cha ubora! Kwa mara ya kwanza maishani nilimwomba Mungu muuzaji awe mwongo.

Nikamuuliza kama yeye haumwi. "Miye? Ilisha kuniponya!" Akainuka kunitafutia jiwe la pili, akakwama katikati, mkono kiunoni: "Aï, mama weh!" Nilicheka hadi machozi. Kisha nikajaribu kuinuka mimi.

Ilibidi tuvutane mikono ndipo tukasimama. Basi nikamwonyesha lile zoezi nililofundishwa na nesi wa zahanati yetu: kukaa na kusimama polepole, mara kumi, kila asubuhi, hata kama viungo vinanung'unika. Alinitazama kwa dharau, jiwe lake mkononi.

"Bila dawa? Weye mama, unanidanganya."

Nakukumbatia polepole, tusije tukateguka.

Mdogo wako, Asha