Kuhusu Kenge wa Witness

Kambi ya Tofali, kando ya mto,
Kingolwira, Morogoro.
19 Septemba 2024

Mpendwa dada Bernadeta,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limekuachia kidogo. Mimi afya ninayo ya kuendea kazini, ila mgongo siku hizi haunyooki kabla ya saa nne.

Huku ni jua tu. Milima ya Uluguru tunaiona imevaa mawingu kila asubuhi, lakini mvua inaishia hukohuko juu kwenye migomba yao. Sisi wa chini tunapata vumbi. Kwa kazi yetu ni heri, tofali zinakauka.

Ujumbe wako niliusoma kwenye simu ya Twalibu, yule Mluguru wa Kinole ninayekaa naye chumba kimoja. Unauliza kama kenge anafugika, kwa kuwa binti yangu Witness ameokota mtoto wa kenge, anamlisha dagaa, na sasa amefikia urefu wa mkono. Unasema shemeji anataka kumkata panga, na Witness amegoma kula. Anasema atamtunza mpaka baba yake arudi amwone. Unangoja neno langu. Sikutaka kukujibu kwenye simu ya mtu.

Dada, mimi nimefuga kenge.

Mashimo tunayochimba udongo yana maji, na yeye alikuwa anaishi humo. Mkubwa, nikilala chini ananizidi urefu. Mama Mwanahawa anayetupikia alikuwa akinipa matumbo ya perege, nagonga bakuli la bati, kenge anakuja. Mwanzoni alisimama mbali akitoa ulimi. Mwezi wa pili alikula karibu na mguu wangu. Siku moja nilimgusa mgongo, akanichapa na mkia, nikavimba wiki nzima. Kesho yake akaja kula kama hakuna kilichotokea, na mimi nikampa.

Twalibu alikuwa akinicheka. "Wewe mtu wa ziwani, wenzako wanatafuta wachumba, wewe unachumbia kenge!" Mama Mwanahawa naye akasema, "Hakupendi huyo, baba. Anapenda perege. Hebu lete bakuli nigonge mimi." Akagonga, akaja vilevile. Nilicheka pamoja nao lakini iliniuma. Huu ni mwaka wa nne niko huku, na hakuna kingine kinachokuja nikikiita.

Mwezi uliopita tulipanga tanuru, halafu tukangoja kuni siku tisa. Tanuru ni tofali mbichi zilizopangwa kama nyumba, chini zinaachwa matundu ya kuwekea moto. Penye matundu palikuwa na kivuli, nikahamishia bakuli hapo. Akazoea kuingia ndani na kulala humo.

Kuni zilifika asubuhi, watu wengi, kelele nyingi. Kenge asiyezoea watu angekimbilia mtoni. Huyu alikimbilia tunduni nilikomzoesha. Upande wa pili tulikuwa tumeshaziba kwa udongo. Twalibu alimchokoa na mti mrefu, akazidi kujipenyeza ndani katikati ya tofali. Nikachukua bakuli nikagonga. Niligonga mpaka watu wote wakanyamaza. Hakutoka.

Msimamizi wetu Hatibu si mtu mbaya. Alingoja. Mwishowe akasema, "Leonard, nibomoe tofali elfu kumi na mbili kwa ajili ya kenge? Washa, ndugu yangu." Kiberiti nilikuwa nacho mimi. Niliwasha.

Moto ule ulikaa siku tatu, na kuuchochea ilikuwa zamu yangu. Hayo hata na Twalibu hatuyazungumzi.

Basi jibu langu ndilo hili. Kenge anazoea, hafugiki. Anajua chakula kinatoka wapi, hajui nani anampa. Huyo wenu akikua atamng'ata Witness siku dagaa watakapokosekana, wala hatakuwa amemkosea. Lakini mimi sihofii meno peke yake. Nahofia kenge asije akasahau pa kukimbilia.

Mwambie shemeji aweke panga chini. Kenge mtieni kwenye kapu lenye kifuniko, mkamwachie mtoni, mbali na nyumba. Witness aende nanyi, asije akadhani mmemuua. Kenge akirudi, na atarudi, msimpe hata kichwa cha dagaa. Mrushieni mawe ya kumtisha, hata Witness arushe, mpaka aogope watu tena.

Mtoto atalia. Habari ya tanuru usimwambie. Mwambie tu kwamba baba yake ndiye aliyeamuru, wewe na shemeji hamkuhusika. Nilipoondoka alikuwa na miaka saba, na sijui sasa hivi ananikumbuka mimi au anakumbuka vitenge na daftari ninazotuma.

Msalimie shemeji, na mama mkubwa Paskalia, mwambie dawa ya macho nimeiulizia mjini na sijaipata. Msalimie kaka Yohana ingawa hanijibu. Mungu awalinde, awape usingizi na chakula cha kutosha.

Tanuru la mwisho likipoa, kabla ya Krismasi, napanda basi. Mwambie Witness, hasira atakazokuwa nazo ndizo anitunzie mpaka nirudi.

Mdogo wako, nakupenda hata ninapokaa kimya,
Leonard