Kadi ya Sitara binti Sadalla

Mtaa wa Kongo, Kariakoo,
Dar es Salaam,
24 Shaaban (9 Novemba 1936)

Kwa dada yangu Saadiya, Lindi.

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kitako, miguu umeinyoosha, na mtu mwingine ndiye anayepika. Sisi huku hatujambo. Mama mgongo umempoa kidogo. Baba yuko dukani tangu asubuhi, maana Ramadhani inakaribia na watu wanagombania tende kana kwamba haziji tena. Shemeji Hamud hajambo? Na ule uvimbe wa miguu ulioutaja umepungua?

Barua yako tuliisoma mara tatu. Mama alilia, kisha akatukataza sisi kulia, akasema miezi saba si haba na machozi yangoje. Alisema pia kwamba umefanya vizuri kuificha mimba mpaka sasa. Mimi sikulia. Nilikwenda uani nikakaa juu ya kinu, Mama akadhani nimefurahi kupita kiasi. Leo nakuandikia sababu yenyewe. Nakuomba uisome barua yote, usiiache katikati.

Unakumbuka nilikuandikia kwamba nimepata kazi kwa Wazungu watatu waliopanga ile nyumba ya ghorofa upande wa pili wa Mnazi Mmoja. Sikukueleza vizuri ni watu wa namna gani. Ni wanafunzi, ingawa mmoja ana upara. Wamekwisha kumaliza chuo kikuu kwao Uingereza, lakini wanataka daraja la juu zaidi, na kulipata lazima kila mmoja aandike kitabu kizima juu ya jambo moja ambalo hakuna mtu aliyeliandika kabla yake. Wakubwa wa chuo wakikisoma wakaridhika, basi anaitwa daktari. Baba nilipomweleza alicheka sana, akauliza kama daktari huyo anaweza kutibu hata mafua.

Bibi Hallam anaandika habari za wanawake na uzazi. Bwana Prout, yule mwenye upara, anaandika juu ya miti ya dawa. Bwana Kerr ni mganga kweli, naye anachunguza damu na homa. Elimu tatu mbalimbali, lakini wameweka kabati moja la kadi. Kila mtu anayehojiwa ana kadi yake yenye jina, mtaa na nyumba. Mbele anaandika Bibi Hallam, nyuma Bwana Prout, na chini kabisa Bwana Kerr. Sheria yao ni moja: jibu likishaandikwa halifutwi. Mwenye kadi peke yake ndiye anayeweza kulisahihisha.

Kazi yangu ilikuwa kwenda majumbani kuwahoji wanawake, kwa kuwa Bibi Hallam Kiswahili chake bado cha kitabuni. Alitaka wanawake arobaini. Dada, unawajua wanawake wa huku. Walinikaribisha, walinipa kahawa, walinitania kwamba nimeanza kutembea na karatasi kama karani wa kodi. Lakini nilipofika kwenye swali la watoto wangapi umezaa na wangapi wako hai, nyuso zilifunga. Mmoja aliniuliza kama Mzungu wangu anataka kununua matumbo yao. Mwingine, mama mtu mzima wa Gerezani, alisema anao wawili, na wakati huohuo watano walikuwa wanakimbizana mbele ya macho yangu. Nikaandika wawili. Ningemwambiaje Bibi Hallam kwamba mama mwenye akili hahesabu wanawe mbele ya mgeni, na akilazimishwa huongeza au hupunguza, ili hesabu isiwe yao?

Siku ya mwisho, mwezi wa Rajab, nilikuwa na wanawake thelathini na tisa. Jua lilikuwa kali, miguu inaniuma, na Bibi Hallam alikuwa ameniambia asubuhi kwamba majibu yangu ni makavu kama mifupa. Niliketi nyuma ya duka la Baba, juu ya gunia la mchele, nikamtunga wa arobaini.

Nilimwita Sitara binti Sadalla. Nilimweka Mtaa wa Mchikichi kwa kuwa sina ninayemjua huko. Nikampa nyumba ya tatu kutoka kisimani, mhina mbele ya mlango, chumba cha kushoto. Yote yalitoka kichwani mwangu. Bibi Hallam alipoisoma kadi ile aliirudia tangu mwanzo, kisha akasema hiyo moja ina thamani kuliko zile thelathini na tisa. Nilifurahi, dada. Naona haya kukuambia jinsi nilivyofurahi.

Wiki mbili baadaye nilikuwa napanga kabati, nikaiona kadi yake imegeuzwa. Nyuma Bwana Prout alikuwa ameandika, kwa wino wake wa kijani, dawa ya mizizi ambayo mwanamke huyo hunywa ili mimba isitoke. Na mzizi wenyewe ulikuwa umefungwa kwa uzi kwenye kona ya kadi, bado una udongo. Nilimwuliza ameupata wapi. Akasema Mtaa wa Mchikichi, amepewa na mwenyewe Sitara mkononi. Nilijiambia kwamba Wazungu nao hutunga wanapochoka. Nikamcheka moyoni, nikaona tu sawasawa, mwongo kwa mwongo.

Kisha ikaja zamu ya Bwana Kerr. Huyu hatungi, dada. Huyu akikosa tone moja la damu hulala na njaa. Aliandika kwamba damu ya Sitara haina homa, kwamba ana umri wa miaka thelathini hivi, na kwamba ana kovu la kuungua kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, la zamani, lenye umbo la mdomo wa dele.

Hilo kovu mimi sikuliandika. Wala sikulifikiria. Wewe unajua liko mkononi mwa nani, na nani aliyeliangusha dele lile la kahawa akiwa na miaka minne.

Niliwauliza mmoja mmoja, kwa upole kama anayetaka kujua tu, mwanamke huyo yukoje. Bwana Prout alisema ni mrefu, maji ya kunde. Bwana Kerr alisema ni mfupi, mweupe. Bibi Hallam, ambaye kumbe naye alikwenda, alicheka akasema anafanana nami, hata alidhani ni ndugu yangu. Jambo moja tu walikubaliana wote watatu. Walipofika mlangoni na kubisha, hakuna aliyeitika. Walipotaja jina, akaitika.

Basi Jumanne iliyopita, baada ya sala ya adhuhuri, nilikwenda mwenyewe. Soko lilikuwa limejaa, wachukuzi wanapiga kelele watu wapishe, lakini nilipokata kona ya Mchikichi sauti zote zilibaki nyuma yangu. Nilihesabu nyumba kutoka kisimani. Ya tatu ilikuwa na mhina mbele ya mlango. Barazani alikaa bibi mmoja anasuka ukili, jina lake Mwanamkuu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanitazama kuanzia kichwani, akasema kumbe Badriya mwenyewe ndiye huyu, mwembamba hivi, mwenzangu amenisubiri mpaka amechoka.

Nilimwuliza mwenzangu yupi. Akasema nisijifanye mgeni, Sitara huyo wa chumba cha kushoto. Kwamba alikuja mwezi wa Rajab, hana hata kifurushi, akasema mimi ndiye niliyemwonyesha nyumba. Kwamba ni mtu mzuri, hana maneno, ila mkimya mno, na ukimsemesha bila kumtaja jina hageuki. Bibi Mwanamkuu alitania kwamba amewahi kukaa na kiziwi na hakuchoka hivi. Nilimwuliza yuko wapi sasa. Akasema ameshuka bandarini kutafuta nafasi katika meli ya Lindi.

Nilimwuliza anakwenda kwa nani Lindi. Bibi Mwanamkuu aliweka ukili chini, akanitazama kama mtu anayeona aibu kwa niaba yangu. Akasema Sitara anakwenda kumchukua mtoto wake wa nne.

Chumba niliruhusiwa kukiona. Mkeka mmoja, mpya, haujakunjika popote. Mtungi wa maji umejaa mpaka ukingoni. Hakuna kingine, dada, hata msumari wa kutundikia nguo. Nilisimama pale mchana kweupe, jua limeingia mpaka katikati ya chumba, na sikuweza kuuvuka mwanga ule.

Sasa nikuambie nililoogopa kukuambia tangu mwanzo.

Majibu ya Sitara si ya Sitara. Ni yako. Siku ile uliyokuja kutoka Lindi baada ya msiba wa tatu, ulipokuwa unanisuka nywele, ulinieleza mambo ambayo hukumweleza hata Mama. Ulisema wa kwanza ulimlilia kwa sauti, wa pili ulimlilia kimya, na wa tatu uliona njaa, ukala wali sahani nzima jeneza likiwa bado sebuleni, na tangu siku hiyo unajiogopa. Uliniapisha nisimwambie mtu. Niliyaandika yote, neno kwa neno, kwenye kadi, kwa Kiingereza kizuri. Si kwa uchovu tu. Nilitaka nisifiwe. Na tena, ukweli mwingine, nilitaka mtu aliyesoma, mahali fulani mbali, ajue lililokupata, kwa sababu hapa nyumbani tunalifunika kama chungu.

Nilipofika kwenye swali la watoto wangapi, niliweka kalamu chini. Niliona vibaya kuwahesabu wanao. Basi nilifanya kama wanavyofanya wanawake wote, niliongeza mmoja ili hesabu isiwe yako. Niliandika: amezaa wanne, hai hakuna.

Wakati huo wewe ulikuwa na mimba ya miezi mitano, na mimi sijui.

Nilikwenda kwa Bibi Hallam nikamwambia nimemtunga mwanamke yule, amfute. Kwanza alicheka, kisha akakasirika. Alisema mila zake zimeandikwa, mzizi wake upo, damu yake iko kwenye kioo, elimu tatu zinashuhudia, na mimi peke yangu ndiye ninayekana. Alisema nimechoka, nipumzike siku chache. Nikamsihi basi abadilishe ile namba tu, aandike watatu. Akasema hawezi, Sitara mwenyewe alimthibitishia kwa mdomo wake kwamba ni wanne. Mwenye kadi tu ndiye anayeweza kusahihisha.

Nilikaa na maneno hayo siku mbili. Halafu nikaelewa kwamba amenipa njia bila kujua. Mwenye kadi si Sitara. Mwenye kadi ni wewe.

Kadi hiyo nimeiiba, dada, imo ndani ya bahasha hii. Kazi najua imekwisha, na Baba nitamweleza mwenyewe. Nakuomba uchukue kalamu, kwa herufi za Kiarabu alizotufundisha Baba, kwa mkono wako huo wenye kovu, ulikate jibu langu. Usiongeze wala usipunguze kwa kuogopa jicho. Wataje. Khalfan, aliyekaa na wewe miezi kumi na moja. Azza, aliyeanza kutembea. Na yule ambaye hakufika siku ya saba hakupata jina. Mpe jina sasa, mwandike naye. Ni watatu. Wa nne ni wangu, ni uongo wangu, hukumzaa wewe. Kisha chini yake andika kwamba uliye naye tumboni ni mwingine, hayumo katika hesabu ile, na kwamba ana mama yake.

Na mlango wako ukibishwa na mtu asiyesema ni nani, usiulize kama ni Sitara. Mwambie shemeji na mtumishi na majirani, asilitaje mtu jina hilo nyumbani kwako. Mwanamke atasimama pale kadiri atakavyosimama. Mwacheni.

Barua hii anaileta mjomba Ghanim, anayesafiri kwa meli ya kesho. Nimemwapisha akukabidhi mkononi, kabla hajaenda kuangalia mizigo yake. Ameingia sasa hivi kuichukua, ananihimiza, na anasimulia kwa kucheka jinsi bandarini leo mwanamke mmoja mwenye buibui alivyomsimamisha akamwuliza kama anaijua nyumba ya Saadiya binti Nasor huko Lindi. Nimemwuliza alimjibu nini. Asema alimwonyesha kwa kidole upande wa kusini, kwa mzaha, akaenda zake. Nimemwuliza kama alimtaka jina. Asema hapana, angemtaka jina la nini.

Nashukuru Mungu kwa hilo moja.

Mama anakusalimu, anasema usinyanyue ndoo. Baba anakusalimu, anakuletea tende kikapu kizima kwa mkono wa mjomba. Msalimie shemeji Hamud na wote wanaokuzunguka kwa wema. Kunichukia ni haki yako, wala sitakuomba uache. Ila uandike kwanza, ndipo unichukie.

Ni mimi mdogo wako,
Badriya binti Nasor