Niliitwa Kuweka Taa, Nikaona Breki

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie maana nimechoka. Mimi ni fundi wa umeme wa magari hapa Kimbo, Ruiru, na sisi mafundi watano tulichanga tukanunua lifti moja ya kuinulia magari, kila mtu na zamu yake, na sheria yetu ni kwamba ukiwa chini ya gari usitie mdomo katika kazi ya mwenzako, maana mwaka jana mwenzetu Nzioki alimwambia mteja kuwa fundi mwingine amemfanyia kazi mbovu, na siku hiyo hiyo akafungiwa lifti, mpaka leo anatengeneza magari akiwa amelala kwenye matope. Sasa Jumamosi alikuja Dianah, ambaye jioni hubeba abiria pale Kamakis penye hoteli za nyama choma na asubuhi hupeleka watoto sita shule, akataka taa za zambarau chini ya gari ili watu wakitoka kula nyama wamtambue haraka, na gari lilikuwa bado juu ya lifti kwa sababu mwenzetu Muriithi alikuwa ndio kwanza amemaliza kumtengenezea breki, nikaingia kubandika mkanda wangu wa taa, nikaona paipu ya breki za nyuma imekatwa na kuunganishwa kwa kipande cha mpira wa petroli na klipu mbili, na mafuta ya breki yanachuruzika, nami, Mungu anisamehe, nikayapangusa kwa kitambaa ili gundi yangu ishike. Nilimuuliza Muriithi pembeni akasema hiyo itashika, nishughulike na taa zangu, na huyu Muriithi ndiye aliyeniingiza pale nikiwa sina hata spana, basi nikanyamaza. Gari liliposhushwa, Dianah aliinama akazifurahia taa, kisha akaniuliza, "Fundi, huko chini kuko poa?" Nikamwambia, "Kuko sawa tu." Nina mke na watoto wawili na bila lifti sina kazi. Nifanye nini?

Mutie, Kimbo

Mutie, pole. Kufungiwa lifti si jambo dogo, na shukrani kwa aliyekushika mkono ni mzigo mzito. Lakini tuambiane ukweli. Sheria yenu ni ya kuzuia mafundi kunyang'anyana wateja, si ya kuzika watu kwa adabu. Tena hukunyamaza tu. Uliulizwa ukajibu, na kitambaa ulikishika wewe. Mficha maradhi kilio humfichua, na hapa kilio kitakuwa cha nyumba nyingi.

Mpigie Dianah umwambie alizime gari, hata kama liko katikati ya barabara. Nenda na paipu mpya, uifunge mbele ya macho yake. Ukimaliza, mwambie Muriithi uso kwa uso, wale wengine wakisikia. Wakikufungia lifti, kalale kwenye matope na Nzioki. Yeye jioni huoga akala kama watu wengine.

Barua yako niliisoma Jumanne nikakupigia papo hapo nikakuambia haya haya, ukaniambia bado unafikiria. Leo ni Ijumaa. Nimeingoja simu yako mpaka nimechoka kuliko wewe, na namba ya Dianah sina, kwa hivyo sasa naongea na mwingine.

Dianah wa Kamakis, breki zako za nyuma si za kuaminika. Gari liache hapo lilipo, umwite fundi usiyemjua aje aliangalie. Na msomaji unayemfahamu mama huyu, mpigie sasa hivi. Gazeti utalimalizia baadaye.